Saa 45 tangu Azimio la Arusha: Jumamosi ya nani?

Gusia habari ya kupunguza wiki ya kazi kwenye baraza lolote Dar es Salaam, na jibu la kwanza utakalopata ni kwamba hayo ni mambo ya Wazungu walioshiba. Sisi bado tunajenga nchi. Tumelelewa kwa kaulimbiu za kazi, kuanzia Uhuru na Kazi, ikaja Hapa Kazi Tu, kisha Kazi Iendelee. Anayetaka saa zipungue huonekana kama mtu anayeomba ruhusa ya kulala.

Mjadala huu lakini hatukuuokota mitandaoni. Umo ndani ya Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967. Kwenye sehemu inayozungumzia juhudi ya kazi kama sharti la maendeleo, Azimio linapiga hesabu: mfanyakazi wa mshahara mjini anafanya kazi saa kama 45 kwa wiki. Kisha linalalamika. Linasema kwa nchi changa hizo ni saa chache, kwamba kawaida ya mataifa ni kuanza na saa nyingi na kuzipunguza kadiri neema inavyoongezeka, na kwamba kuanza na chache kisha kudai zipungue tena ni kuwaiga waliotangulia, na tutakuja kujuta.

Sina ugomvi na hoja hiyo. Nataka tu tuifuate mpaka inakotupeleka. Kama saa hupungua kadiri nchi inavyoneemeka, basi lazima ifike siku ya kuzipunguza. Azimio halikuifanya 45 kuwa namba ya milele. Karibu miaka 60 imepita. Mwaka 2004 Bunge lilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kwa ajili ya Tanzania Bara, ikaweka ukomo wa siku 6 na saa 45 za kawaida kwa wiki. Ni ile ile 45 ya mwaka 1967. Julai 2020 Benki ya Dunia ikatutangaza kuwa nchi ya uchumi wa kati, daraja la chini, tukapongezana kwenye kila redio. Barabara zimejengwa, umeme umefika vijijini, treni ya mwendokasi inakwenda Dodoma. Saa za kazi ziko pale pale alipoziacha Mwalimu.

Tena hakuna anayezidai. Sikiliza risala za Mei Mosi: nyongeza ya mshahara, kodi ya mshahara, kikokotoo cha pensheni, madaraja. Saa hutazisikia. Mei Mosi yenyewe ni sikukuu iliyozaliwa na madai ya saa 8 kwa siku, wafanyakazi wa Chicago wakafia madai hayo mwaka 1886. Sisi tunavaa fulana na kofia, tunapita mbele ya jukwaa, tunarudi nyumbani.

Serikali yenyewe, inapokuwa mwajiri, ilishaondoka kwenye 45. Mtumishi wa umma anaingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Saa 40. Jumamosi ofisi ya halmashauri imefungwa kufuli na hakuna anayesema nchi imesimama. Mhasibu wa halmashauri na mhasibu wa kampuni ya vifaa vya ujenzi jirani yake walisoma chuo kimoja na wanalipa nauli ile ile ya daladala, lakini wa pili anadaiwa saa 5 zaidi kila wiki. Saa hizo tunajua zilipo: ni Jumamosi, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Kwa hiyo mjadala wa wiki fupi hapa kwetu, tukiutoa kwenye lugha ya makongamano, ni mjadala wa Jumamosi asubuhi.

Ile Jumamosi ya nusu siku naijua vizuri. Ofisini kila mtu kaja na nguo za kutokea. Kuna anayewahi msiba Kibaha na anayewahi sherehe ya binti wa dada yake. Mwingine ni mweka hazina wa kamati ya harusi na hajamaliza kukusanya ahadi. Kuanzia saa 4 simu hazipumziki, wateja ni wachache, bosi mwenyewe hajaonekana au kapitia dakika ishirini kusaini hundi. Saa 6 na nusu mabegi yako juu ya meza. Tukiwa wakweli, ofisi nyingi za aina hii hupata kazi ya saa mbili kwa bei ya saa tano, na mfanyakazi hupoteza siku nzima, kwa sababu ukijumlisha foleni ya kwenda na kurudi kutoka Mbagala au Chanika, jua linakuwa limeshapinda.

Mwajiri atasema: sawa, lakini nani analipa? Swali halali, na jibu lake lina namba. Kwa sheria yetu, mshahara wa mwezi hubadilishwa kuwa wa saa kwa kuzidisha saa za wiki mara 4.333. Saa 45 zinakupa saa 195 kwa mwezi. Saa 40 zinakupa kama 173. Chukua mshahara wa shilingi 390,000, kwa sababu tu unagawanyika vizuri. Leo saa moja ya huyo mtu ni shilingi 2,000. Saa zikishuka hadi 40 bila kugusa mshahara, saa moja inakuwa shilingi 2,250. Ni nyongeza ya asilimia 12.5 kwa kila saa, na malipo ya saa za ziada, ambayo ni mara moja na nusu, yanapanda nayo kutoka 3,000 hadi 3,375. Kwa ofisi niliyoieleza hapo juu gharama hiyo iko kwenye karatasi tu. Kazi ya Jumamosi inamalizwa Ijumaa. Kwa kiwanda cha saruji au cha nguo, ambako mashine haijui Jumamosi, ni fedha halisi, na mwenye kiwanda anayelalamika hasemi uongo.

Ndiyo maana sipendi mfano wa Uingereza unavyonukuliwa. Mwaka 2022, kuanzia Juni hadi Desemba, kampuni 61 zilijaribu wiki ya siku nne kwa mshahara ule ule, na jaribio lilipoisha 56 zikaendelea. Habari njema, lakini kampuni hizo zilijitolea zenyewe kuingia. Anayejitolea ni yule ambaye tayari ameona njia. Hutampata humo mwenye kiwanda cha mikate cha shifti tatu anayeogopa bei ya ngano.

Afadhali tutazame Chile. Nayo ilikuwa na saa 45, baada ya kushuka kutoka 48 mwaka 2005. Mwaka 2017 Camila Vallejo, akiwa mbunge, alipeleka muswada wa saa 40. Ukabishaniwa miaka sita, waajiri wakasema ajira zitakufa, na Aprili 2023 Rais Gabriel Boric akausaini ukiwa umeungwa mkono hata na wengi waliokuwa wakiupinga. Kilichowatuliza ni ratiba: 44 Aprili 2024, 42 Aprili 2026, 40 Aprili 2028. Miaka mitano ya kuhama saa 5, huku sheria ikikataza kupunguza mshahara. Mwenye kiwanda anapata muda wa kupanga shifti zake na kuziba mianya ya uzalishaji. Kwetu ratiba ya namna hiyo ingeweza kujadiliwa kwenye LESCO, lile baraza la pamoja la serikali, waajiri na wafanyakazi, bila mtu kupindua meza.

Na karibu zaidi kuna Rwanda. Novemba 11, 2022 Baraza la Mawaziri la Kigali liliamua kwamba kuanzia Januari 2023 kazi zianze saa 3 asubuhi na kuisha saa 11 jioni, na shule zianze saa 2:30 asubuhi. Mwaka huo huo wa 2023 sheria ya kazi ikarekebishwa, ukomo wa wiki ukashuka kutoka saa 45 hadi 40. Nilichokipenda ni mahali walipoanzia. Walianza na usingizi wa mtoto na muda wa mzazi kuwa na familia yake. Simama barabarani Tabata au Kimara saa 11 alfajiri uone mabasi ya shule yanavyokusanya watoto wa darasa la kwanza, vichwa vimeegemea kioo, wamelala na mabegi kifuani. Mtoto huyo anaamshwa mapema kwa sababu mzazi wake lazima awe kazini mapema na jiji zima linatembea kwa wakati mmoja. Wanyarwanda wameiona ratiba ya baba, ya mama na ya mtoto kuwa kitu kimoja. Sisi tunazijadili kana kwamba ni wizara tatu.

Lakini hata Rwanda, mwendesha pikipiki wa abiria hakupunguziwa kitu, wala mama anayeuza ndizi sokoni Kimironko. Saa zao hazijaandikwa popote, na kisichoandikwa hakipunguzwi. Hapo ndipo wengi huishia: uchumi wetu ni wa wamachinga na wakulima, sheria ya saa inawahusu wachache, tuachane nayo. Mimi nadhani hoja hiyo inaruka watu wengi walio katikati, walioajiriwa kabisa, wanaopokea mshahara kila mwezi, ambao sheria inawahusu na haiwafikii. Na wala hawako mbali. Mmoja yuko kwenye lango la jengo ninalopanga.

Anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi. Anavaa koti zito la kampuni hata Januari. Kwenye kibanda chake kuna kiti cha plastiki kilichofungwa mguu kwa waya, rungu, tochi, na daftari la lindo ambalo huandika kila gari linaloingia usiku, namba na saa, kwa mwandiko mzuri wa watu waliosoma zamani. Siku moja nilimsalimia asubuhi nikiwa natoka, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamuuliza siku yake ya mapumziko ni ipi.

"Akipatikana reliva," akasema.

"Na asipopatikana?"

"Basi nakuwepo."

Saa 12 kwa siku, siku 6, ni saa 72. Sheria inasema 45 za kawaida, na inaruhusu za ziada zisizozidi 50 ndani ya wiki nne, yaani 12 na nusu kwa wiki. Ukijaza kila upenyo unafika 57 na nusu. Saa 72 ziko nje ya sheria hata kama kila shilingi ya ziada ingelipwa, na siku ambayo reliva, yaani mlinzi wa kumpokea, haji, hata yale mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki yanakuwa yamekwenda. Waajiri wa sekta hii hupenda kutaja kifungu kinachoruhusu shifti ya saa 12. Kipo. Kinataka makubaliano ya maandishi, siku zisizozidi 5, na jumla ya saa za kawaida ibaki 45. Kwa hiyo shifti za saa 12 kamili ni tatu na kipande. Nusu hiyo ya pili ya kifungu huwa haisomwi.

Rudi kwenye ule mshahara wetu wa mfano wa 390,000, ambao mlinzi huyu haupati. Saa 27 za juu ya 45, kwa shilingi 3,000 kila moja, ni 81,000 kwa wiki, kama 351,000 kwa mwezi. Ziada peke yake inakaribia mshahara mwingine. Na hapo sijaweka nyongeza ya asilimia 5 ya kazi za usiku. Kwa hiyo tunapobishana kama nchi inaweza kumudu kushusha saa kutoka 45 hadi 40, tujue kuna watu ambao kwao mjadala ni wa kuzishusha kutoka 72 hadi 45, jambo ambalo Bunge lilikwisha kulipitisha zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Kwa nini haliwezekani? Piga hesabu ya lango. Wiki ina saa 168. Lango linalolindwa usiku na mchana, kwa walinzi wa saa 72, linahitaji watu wawili na kipande, ndiyo maana wanawekwa wawili na reliva mmoja anayezunguka malango kadhaa. Kwa saa 45 linahitaji watu karibu wanne. Kwa saa 40, wanne na kipande. Kampuni ya ulinzi ikitii sheria, bei ya lango inapanda kwa zaidi ya nusu, na mteja anahamia kwa kampuni isiyotii. Mteja ni sisi. Kwenye kikao cha mwisho cha wapangaji wa jengo letu tulijadili tangi la maji, taka, na kama gharama ya ulinzi inaweza kushushwa kidogo. Mmoja wetu anafanya kazi benki, mwingine ni mwalimu wa chuo, wote tuna Jumamosi zetu. Swali la saa za mzee halikuwa kwenye ajenda na hakuna aliyeliingiza kwenye mengineyo.

Kenya hawako mbele yetu kwa hili. Amri yao ya jumla ya mishahara inaweka saa 52 kwa wiki ya siku 6, na walinzi wa Nairobi nao shifti ya saa 12 wanaijua. Ila wao wamejaribu kugusa mlango mwingine: mwaka 2022 Seneta Samson Cherarkey wa Nandi alipeleka muswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi. Chama cha waajiri kikaupinga. Aliyewahi kuwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi ambamo meneja hutuma "tafadhali nipatieni kabla ya kesho" saa 4 usiku ataelewa ulikotoka. Wiki ya saa 40 yenye kundi hilo ndani yake inaweza kuwa ndefu kuliko ya 45 isiyokuwa nalo.

Azimio lilisema jambo jingine kuhusu saa, na hili hunukuliwa mara chache. Lilisema wanaofanya kazi kuliko wote Tanzania ni wanawake wa vijijini, saa 12 hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, wakati wanaume wa huko huko wako likizo nusu ya maisha yao. Mwanamke huyo leo yuko mjini pia. Ni dada wa kazi anayeamka saa 10 na nusu alfajiri ili yule mtoto wa basi la shule awe amenawa uso, na analala baada ya mwenye nyumba kumaliza tamthilia. Yeye ameajiriwa. Amri ya kima cha chini cha mshahara inamtaja. Saa zake hazihesabiwi na yeyote, na kuna hatari moja ambayo watetezi wa wiki fupi hawaitaji: mapumziko ya bosi humwongezea kazi. Tazama Falme za Kiarabu. Januari 2022 serikali ya shirikisho ilihamia wiki ya siku nne na nusu, na Sharjah ikaenda mbali zaidi, watumishi wake wakapata Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Waliopata siku tatu ni watumishi wa serikali. Binti wa Tanga au Mombasa anayefanya kazi ndani ya nyumba ya mtumishi huyo alipata siku ya tatu ya kuwapikia watu walioshinda nyumbani.

Naunga mkono saa 40 kwa wote, kwa ratiba kama ya Chile, bila kugusa mshahara. Kipimo alichotuwekea Mwalimu tumeshakifikia. Lakini sitashangilia sheria hiyo ikipita peke yake, maana itamfikia mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuwa akipoteza Jumamosi kupiga soga, na mzee wa lango atabaki na saa 72 zake, zikiwa sasa zimevunja sheria kwa wingi zaidi kuliko mwanzo.

Maafisa kazi ni wachache na hatuwezi kuweka mmoja kila lango. Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo serikali haihitaji ukaguzi wowote: zabuni zake yenyewe. Hospitali, vyuo, mamlaka za maji na ofisi za mikoa hununua huduma ya ulinzi na usafi kila mwaka kwa fedha za umma, na mara nyingi mwenye bei ya chini ndiye anayechukua. Nyaraka ya zabuni ikitaka mzabuni aandike idadi ya walinzi kwa kila lango na saa za kila mmoja kwa wiki, kazi inayobaki ni ya kugawanya 168. Anayeleta walinzi wawili na reliva kwa lango la usiku na mchana atakuwa amekiri kwa maandishi, na kamati ya tathmini inamwondoa kabla haijafungua ukurasa wa bei. Hilo halihitaji muswada wala kongamano. Linaweza kuingia kwenye zabuni za mwaka wa fedha unaoanza Julai.